Mali bila daftari: vyombo vya zamani vya nyumbani na ukumbusho wetu hapa Goma

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tunawafundisha watoto wa sekondari kila mwaka. Wanaiandika katika kaye, wanaifafanua siku ya mtihani, kiisha wanaisahau. Mimi mwenyewe nilikuwa naifundisha hivyo hivyo, mpaka siku moja mwaka 2023 mjane wa jirani yangu aliponiita nyumbani kwake.

Yalikuwa yamepita majuma machache tu kisha matanga. Marehemu muzee wetu alikuwa fundi wa redio, na tena mpenzi mkubwa wa vyombo vya zamani vya nyumba. Alikuwa navyo chumba kizima. Mama alifungua mlango wa chumba hicho, akasimama kando, akaniambia: "Mwalimu, byuma byote hivi tutafanyia nini? Batoto banasema tuuzishe. Mununuzi wa byuma amepita mara mbili. Wewe ni mutu wa historia. Hii ni historia ao ni buchafu?"

Siku ile sikuwa na jibu. Andiko hili ni jibu langu, limechelewa kidogo, na ninalitoa pia kwa wasomaji wote ambao nyumbani mwao kuna pasi ya makala, mashini ya kushona ao redio ya baba iliyonyamaza juu ya kabati.

1. Yaliyokuwa chumbani

Wengi wakisikia neno "desturi" wanafikiri ngoma, mavazi ya ngozi, mikuki na vibuyu. Ni kweli, hayo ni desturi. Lakini nyumba zetu za mji zina desturi zao pia, na zina umri wa kuheshimiwa. Katika chumba cha muzee niliona pasi za makala, zile za chuma kizito zenye kifuniko na kifungio chenye sura ya jogoo. Niliona kichwa cha mashini ya Singer bila miguu. Niliona jiko la Primus la shaba (nasema jiko, si ile Primus ya Bralima), taa ya Petromax, redio nne za miti na za plastiki, na kando ya ukuta frigo refu lililokuwa linafanya kazi kwa petroli ya taa.

Muzee hakuwa tajiri. Vingine alipewa na wateja walioshindwa kulipa kazi. Vingine aliviokota vikiwa vinakwenda kutupwa. Kanuni yake ilikuwa moja: chombo kikiingia kwake, lazima kwanza akifahamu kinafanya kazi namna gani. Jioni watoto wa kartie walikuwa wanajaa mlangoni. Aliwasha Petromax, nao walipiga makofi wakiona soksi ile ndogo ikigeuka kuwa nyeupe kama mchana.

Shida ni kwamba habari zote za vyombo hivi zilikuwa katika kichwa chake. Hakuandika kitu. Alipofariki, alituachia vyuma, habari akaenda nazo.

2. Namna vyombo vilivyofika kwetu

Tuanze na ile Singer, sababu yenyewe inasema. Chini, upande wa kulia, juu ya bamba la chuma, kuna namba. Kwa mashini za Singer herufi za mwanzo zinaonyesha kiwanda na kipindi. Namba ya mashini ya muzee inaanza kwa herufi mbili, ya kwanza ikiwa E. Hiyo ni alama ya kiwanda cha Clydebank, nchini Scotland, na ilianza kutumika katikati ya miaka ya 1930. Kiwanda hicho kilifunguliwa mwaka 1885, kikafungwa mwaka 1980. Kwa hiyo chuma kile kimevuka bahari, kikapanda mpaka kwenye ziwa letu, na kimeishi kuliko kiwanda kilichokizaa.

Jiko la Primus lilitoka Sweden, ambako Frans Wilhelm Lindqvist alilitengeneza mwaka 1892. Petroli inasukumwa kwa pampu, inapashwa moto, inageuka mvuke, na mvuke ndiyo unaowaka bila moshi. Taa ya Petromax, iliyotoka Berlin mwanzoni mwa karne ya 20, inafuata njia hiyo hiyo. Frigo la petroli nalo lina asili Sweden: wanafunzi wawili, Baltzar von Platen na Carl Munters, walilibuni mwaka 1922, na kampuni ya Electrolux ikalieneza duniani. Watoto wanashangaa: moto unawezaje kuleta baridi? Jibu ni kwamba moto unachemsha amonia ndani ya mabomba, na amonia ikirudi kuwa mvuke mahali pengine inachukua joto lote la mle ndani. Hapa Kivu, misioni na mashamba ya kahawa na ya pareto hayakuwa na umeme, kwa hiyo frigo la namna hii lilikuwa na kazi kubwa.

Redio nazo zina safari yao. Radio Congo Belge ilianza Léopoldville mwaka 1940, na katika miaka iliyofuata vikaja vipindi kwa lugha zetu, Kiswahili kikiwemo. Jirani zetu wa Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo, walipata mwaka 1949 redio ya bei ya chini ambayo sanduku lake lilitengenezwa kwa mwili wa sufuria ya aluminiamu. Watu waliiita redio ya sufuria. Chombo cha jikoni kilifanywa chombo cha habari. Aliyedhani kwamba historia ya jiko na historia ya siasa ni mbali mbali, atazame sufuria ile.

3. Pasi ilikuwa mtihani

Hapa nafika mahali ambapo vyombo hivi vinaacha kuwa vitu vya kuchekesha watoto.

Wakati wa Wabeleji, Mkongomani aliyesoma, karani, mwalimu ao muuguzi, aliweza kuomba hati ya kumtofautisha na wengine. Mwaka 1948 ilikuja carte du mérite civique. Mwaka 1952 ikaja immatriculation, iliyokuwa ngumu zaidi. Ili kupata hati hizo haikutosha kujua Kifaransa. Wajumbe waliweza kufika mpaka nyumbani kwa mwombaji kutazama anavyoishi: kitanda kina mashuka? Familia inakula mezani, kwa uma na kisu? Jiko ni safi? Watoto wamevaa namna gani? Mpaka mwaka 1958 waliopewa immatriculation katika Congo nzima walikuwa kidogo zaidi ya 200.

Wakati huo huo wanawake walifundishwa kushona, kupika na kupiga pasi katika nyumba za mafunzo zilizoitwa foyers sociaux. Pasi, mashini ya kushona na sahani za mezani hazikuwa vyombo vya kazi tu. Zilikuwa ushahidi mbele ya mkubwa kwamba "huyu ameendelea". Ndiyo maana wazee wetu walivitunza kama hati za serikali, na ndiyo maana mama zetu mpaka leo hawawezi kumruhusu mtoto kutoka na shati lenye mikunjo, hata kama mfukoni hana franga moja.

Tusiseme lakini kwamba mama zetu walipiga pasi juu ya kumpendeza mzungu tu. Walijua sababu nyingine. Kuna inzi anayetaga mayai katika nguo zinazokauka kivulini ao chini, na funza wake anaingia katika ngozi ya mtu. Moto wa pasi, pande mbili za nguo na kwenye mishono, unaua mayai hayo. Mama anayepiga pasi vitambaa vya mtoto mchanga anafanya kazi ya daktari. Mambo mawili hayo, aibu ya kupimwa na hekima ya mama, yote yamo ndani ya pasi moja. Pasi yenyewe haisemi. Lazima mtu aseme kwa niaba yake.

4. Wakati wa kujitegemea

Tarehe 30 novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza hatua za zaïrianisation. Maduka na mashamba ya wageni yaligawiwa wananchi, na wengi kati ya waliopewa hawakuwa na uzoefu wa biashara. Baada ya miaka michache vipuri vilikuwa vigumu kupatikana. Hapo ndipo "Article 15", ile kanuni isiyoandikwa ya kujitafutia njia, iliingia mpaka ndani ya mashini.

Chombo cha zamani cha hapa kwetu si kama chombo cha namna hiyo kinachokaa katika museo ya Ulaya. Kile cha Ulaya ni kama kilivyotoka kiwandani. Cha kwetu kina alama za mikono. Primus ya muzee ina washa ya ngozi iliyokatwa kwenye kiatu. Redio moja ina kitufe kilichochongwa kwa mti. Mshipi wa Singer, wakati miguu bado iko, ulikuwa kipande cha mupira wa gari. Mtu asiyejua atasema: hiki kimeharibika, kitoe, tafuta cha asili. Mimi nasema hicho kipande cha mupira ndicho historia yetu. Scotland ilileta chuma, Goma ikaongeza akili.

5. Lava, vita na mizani ya chuma chakavu

Kutunza vitu vya zamani ni kazi ngumu popote duniani. Hapa Goma ni ngumu zaidi. Nyiragongo ilitapika tarehe 10 januari 1977. Ilirudi tarehe 17 januari 2002, lava ikapita katikati ya mji mpaka ziwani, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikaharibu kanisa kuu la Saint-Joseph, ikawaacha watu zaidi ya laki moja bila makao. Tarehe 22 mei 2021 ilitoka tena, ikasimama karibu na mji upande wa Buhene, na siku chache baadaye wakaaji wa kartie 10 kati ya 18 waliamriwa kuhama.

Mwaka 2002 muzee alikuwa anakaa upande wa Murara. Alipoona moto unashuka, aling'oa kichwa cha Singer, akakiweka juu ya kichwa chake mwenyewe, akakimbilia Gisenyi pamoja na watu wengine. Miguu ya chuma ilikuwa mizito, akaiacha. Mpaka leo iko chini ya lava, na juu yake watu wamejenga. Ndiyo sababu mashini ile haina miguu. Habari hii nilipewa na mama. Kama asingekumbuka yeye, mtu angeandika tu: "mashini, haikamiliki."

Volkano yetu haiharibu siku ya kutapika tu. Moshi wake ukichanganyika na mvua unafanya maji kuwa na asidi, na kila mwenye bati hapa anajua matokeo yake. Chuma kilichoachwa nje kinaliwa haraka.

Kiisha kuna vita, na hayo sihitaji kuyaeleza kwa wasomaji wa hapa: 1996, 1998, novemba 2012, januari 2025. Familia inayokimbia inabeba watoto, sufuria na godoro. Hakuna anayebeba Petromax. Na mwisho yuko mnunuzi wa vyuma na mizani yake. Simlaumu, anatafuta chakula cha watoto. Lakini mizani yake inajua kilo tu. Shaba ya Primus inakwenda ya kwanza sababu ina bei, aluminiamu inayeyushwa ifanywe sufuria mpya, na chuma kinavuka mpaka.

6. Wengine walifanya nini

Sisi si wa kwanza kuulizwa swali la yule mama. Huko Lubumbashi, tangu mwaka 2000, wanahistoria wa chuo kikuu, akiwemo profesa Donatien Dibwe dia Mwembu, walianzisha kazi inayoitwa "Mémoires de Lubumbashi". Waliwaendea wakaaji wenyewe, wafanyakazi wa zamani wa migodi na wake zao, kukusanya ukumbusho wa maisha ya kila siku ya mji. Fundisho lao kwetu ni kwamba maisha ya mtu wa kawaida yanastahili kuandikwa kama ya mkubwa.

Nairobi inatupa fundisho lingine, lenye uchungu. Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Kenya mwaka 1966, alikusanya maisha yake yote vitabu, stempu, sanaa na vyombo vya Afrika. Katika miaka ya 1970 nyumba yake ya Muthaiga pamoja na hazina yake viliingia mikononi mwa serikali, kwa nia ya kuifanya nyumba hiyo kuwa mahali pa masomo ya Afrika. Murumbi alifariki mwaka 1990. Masomo hayakuanzishwa pale, na nyumba ilibomolewa. Lakini vitabu na hati zake viko katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, na tangu 2013 sehemu ya hazina yake inaonyeshwa katika Nairobi Gallery. Nyumba ilikufa, vitu vikabaki, sababu vilikuwa vimeorodheshwa na kulikuwa na watu waliovifuatia bila kuchoka.

Na serikali yetu? Taasisi ya museo za taifa iliundwa mwaka 1970, na sheria ya kulinda mali ya utamaduni ni ya mwaka 1971. Kinshasa ina museo mpya tangu 2019, na ni humo mfalme Philippe wa Ubeleji alikoleta kile kinyago kikubwa cha Wasuku mwaka 2022. Tunafurahi. Lakini Kinshasa ni mbali, na hakuna gari litakalotumwa Goma kuchukua pasi ya makala. Kazi hii ni ya familia, ya shule na ya vyama vya utamaduni kama hiki chetu.

7. Namna ya kutunza

Haya ndiyo niliyofanya na watoto wa muzee na wanafunzi wangu wachache. Hayahitaji feza nyingi.

Kwanza daftari. Kila chombo na ukurasa wake: jina lake kwa lugha ya nyumbani, namba na maandishi yote yaliyo juu yake, kilitoka kwa nani, kilitumiwa na nani, kilitengenezwa na nani na kwa kitu gani. Andika neno kwa neno anavyosema mzee, usimsahihishe Kiswahili chake. Kiisha fanya kopi tatu, uziweke katika nyumba tatu tofauti.

Pili, usafi bila kiburi. Usisugue shaba kwa mchanga. Usipake rangi mpya ili ing'ae, rangi ya zamani na alama za mikono ni sehemu ya habari. Ondoa vumbi kwa kitambaa kikavu, paka chuma mafuta mepesi ya mashini, si ya kupikia, sababu hayo yanaganda. Ondoa pile katika redio, zisije zikavuja. Weka vitu juu ya mbao, mbali na udongo na mbali na tone la bati.

Tatu, usalama. Redio ya zamani ya taa za kioo usiichomeke katika umeme ili "kujaribu", ndani yake inaweza kubaki nguvu ya kuua hata ikiwa imezimwa. Mabomba ya frigo la petroli yasikatwe kamwe, amonia inachoma macho na mapafu. Petromax isiwashwe ndani ya nyumba iliyofungwa.

Nne, familia ikubaliane mapema. Sheria yetu ya familia ya mwaka 1987 inawapa watoto robo tatu ya urithi, lakini hakuna anayeweza kukata redio vipande vinne. Baba akiwa bado hai, aseme mbele ya wote: hiki cha fulani, hiki cha shule.

8. Jibu langu kwa mama

Watoto wa muzee walikubaliana hivi. Kila mmoja alichukua chombo kimoja pamoja na ukurasa wake. Taa na Primus waliziazima kwa shule, na ninazitumia katika somo la historia. Mama alibakiza pasi moja, na umeme ukikatika anaitumia. Redio moja hakuna aliyeweza kusema imetoka wapi. Ukurasa wake ulikuwa mweupe, hakuna mtoto aliyeitaka, na mnunuzi wa vyuma akaichukua. Mali bila daftari.

Kiisha ikafika januari 2025. Wakati wa mapigano ndani ya mji, nyumba ya kijana aliyekuwa na Singer iliporwa. Kile kichwa kilichookolewa na lava kikaenda na watu wasiojulikana. Ukurasa wake bado uko, katika nyumba mbili: namba, herufi E, mbio za kwenda Gisenyi, kipande cha mupira, miguu iliyo chini ya lava.

Sitaki kudanganya mtu. Ukurasa hauwezi kushona nguo, na mama alilia siku ile kama vile angefiwa tena. Lakini kama siku moja mashini hiyo itaonekana sokoni, namba itaitambulisha. Na kama haitaonekana, wajukuu wa muzee watajua kwamba babu yao alibeba kitu gani usiku ule, na kwa nini.

Kwa hiyo mama, ni historia. Ila inahitaji kalamu. Nawe ndugu msomaji, nenda leo kwa mzee wako, umwonyeshe ile pasi iliyo chini ya kitanda, umuulize: hii ilitoka wapi? Na uwe na daftari mkononi.